Tarakilishi Bubu na Lugha ya Nyaya Tatu

Aghalabu mtambo unaponyamaza huhukumiwa kuwa umekufa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo huweza kuwa ya pupa.

Tarakilishi ndogo aina ya Raspberry Pi iliyohifadhi ngano na nyimbo tulizorekodi nyanjani ilikataa kuwaka. Kiwambo kilibaki cheusi. Tulishauriwa kufuta kadi yake ya kumbukumbu na kuanza upya. Kwa bahati mbaya, hatukuwa na nakala nyingine ya sauti za wazee wale.

Hata hivyo, mtambo wa aina hii una kinywa kingine, nasi tulikuwa tumekiwezesha mapema katika mipangilio yake. Kati ya pini zake 40, pini ya 6 ni ya ardhi, ya 8 hutuma, na ya 10 hupokea. Nyaya tatu huziunganisha na adapta ya USB iliyochomekwa katika tarakilishi ya pili. Pini itumayo huunganishwa na ile ipokeayo upande wa pili, kwani kinywa huzungumza na sikio, si na kinywa kingine. Adapta sharti iwe ya volti 3.3, volti zaidi ya hizo huweza kuunguza mtambo.

Katika tarakilishi ya pili hufunguliwa programu iigayo teminali, kama vile PuTTY au minicom. Teminali za awali zilikuwa vifaa kamili vyenye kiwambo na kibodi, mathalani VT100 ya mwaka 1978. Leo programu hutekeleza kazi hiyo.

Herufi husafiri biti moja baada ya nyingine: biti ya kuanzia, biti 8 za herufi yenyewe, kisha biti ya kukomea. Kwa kuwa mapigo ya saa hayatumwi pamoja nazo, pande zote mbili sharti zikubaliane kuhusu kasi. Tulipochagua biti 9600 kwa sekunde, tuliona alama za ovyo zisizosomeka. Tulipochagua 115200, maneno yalinyooka: mfumo wa uendeshaji ulikuwa ukiamka, ila ulishindwa kufungua sehemu yake katika kadi. Sehemu yenye rekodi ilikuwa salama. Tulizinakili kwanza, ndipo tukaitengeneza kadi.

Hivyo basi, alama zisizosomeka si ushahidi wa kifo. Sisi wahakiki wa matini tusisahau kwamba huenda kasoro i katika usikilizaji wetu.