Saa ya Goma haisongi, ya Bruxelles na Chicago inasonga: namna ya kuhesabu masaa bila kukosa randevu

Mashariki mwa Kongo kuna watu wengi wenye mambo yao yanategemea saa ya inchi ingine. Kuna mwenye kungoja mahojiano ya kuungana na familia yake, kuna mwanafunzi mwenye kuomba bursi, kuna mfanyabiashara mwenye kuongea na muuzaji wa ng'ambo, kuna mama mwenye kungoja simu ya mtoto wake. Kila mwaka, mara mbili, hesabu yao inaharibika kwa saa moja. Saa moja inaonekana kidogo, lakini inatosha kukosa simu yenye mtu alingoja miezi mingi. Ofisi inapiga wakati telefone iko kwa jirani inachajiwa, ao mwenyewe yuko sokoni, na kwenye dosie wanaandika kwamba hakupatikana.

Mara nyingi kosa halitoki kwa mtu kutojua kuhesabu. Linatoka kwa kutumia hesabu ya mwezi wa pili ndani ya mwezi wa tatu.

Huku saa haibadiliki

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina masaa mawili. Kinshasa na mikoa ya magharibi wanafuata saa moja, na mashariki pamoja na Katanga na Kasai wanafuata ingine, yenye iko mbele kwa saa moja. Kukiwa 12h00 Kinshasa, Goma, Bukavu, Bunia, Kindu na Kisangani ni 13h00. Masaa hayo hayageuki mwaka mzima.

Kwa majirani ni vilevile. Rwanda na Burundi wana saa moja na mashariki mwa Kongo, ndiyo maana mtu anavuka Goma kwenda Gisenyi, ao Uvira kwenda Bujumbura, bila kugusa saa yake. Uganda na Tanzania wako mbele kwa saa moja: mwenye kuvuka Kasindi ao Bunagana, ao kutoka Kalemie kwenda Kigoma, anaongeza saa moja. Hao nao hawabadilishi.

Saa ya msingi ya dunia yote ni ile yenye redio za kimataifa zinaita TU, na wengine wanaita GMT. Mashariki mwa Kongo ni TU ukiongeza 2. Kinshasa ni TU ukiongeza 1.

Kwa nini wengine wanasongesha

Goma iko karibu sana na mstari wa ikweta. Mchana na usiku vinakaribiana kuwa sawa mwaka mzima, masaa kama 12 kila kimoja. Bruxelles haiko hivyo. Mwezi wa kumi na mbili, mchana wake ni masaa kama 8 tu. Mwezi wa sita unapita masaa 16. Jua linatoka mapema sana watu wangali wamelala. Wakasema: tusongeshe saa mbele, ili mwangaza huo wa alfajiri utumike jioni.

Ujerumani ilianza mwaka 1916, katikati ya vita ya kwanza ya dunia, ili kupunguza makaa ya mawe yaliyotumika kwa taa. Inchi zingine zikafuata. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura ili jambo hilo liishe, lakini inchi hazikuelewana, na mpaka sasa saa inaendelea kusongeshwa.

Ulaya wanasongesha saa mbele siku ya yenga ya mwisho ya mwezi wa tatu, na kuirudisha yenga ya mwisho ya mwezi wa kumi. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada wana tarehe zao: mbele yenga ya pili ya mwezi wa tatu, nyuma yenga ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja.

Tofauti ni ngapi?

Kwa sababu saa ya huku haisongi, kila mji wa kule una namba mbili: moja ya majira ya baridi, ingine ya majira ya joto. Hizi ni za kutoa kwenye saa ya Goma ao Bukavu:

– Bruxelles na Paris: baridi, toa 1, joto, usitoe kitu.
– London: baridi, toa 2, joto, toa 1.
– New York, Montréal na Toronto: baridi, toa 7, joto, toa 6.
– Chicago, Dallas na Houston: baridi, toa 8, joto, toa 7.
– Denver: baridi, toa 9, joto, toa 8.
– Los Angeles na Seattle: baridi, toa 10, joto, toa 9.

Wapenzi wa mpira wanajua jambo hili hata kama hawajalihesabu. Mechi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya yenye kuanza 21h00 za Paris, Goma wanaiangalia 22h00 mwezi wa pili. Mwezi wa ine, mechi ya saa ileile wanaiangalia 21h00. Redio haikudanganya, na mechi haikusogezwa: Paris ndiyo ilisonga.

Chukua mfano wa randevu. Ofisi ya Chicago inaandika kwamba itapiga simu 9h30 asubuhi, masaa ya kule. Kama ni tarehe 1 ya mwezi wa tatu, Bukavu itakuwa 17h30. Kama ni tarehe 15, Chicago imekwisha kusonga, na simu italia 16h30. Mtu akikaa tayari saa 17h15 na telefone yake imejaa, atakuwa amechelewa.

Juma za mtego

Kati ya tarehe ya Marekani na tarehe ya Ulaya kuna nafasi, na humo ndimo watu wanapotea zaidi. Mwaka 2025, Marekani na Kanada walisonga tarehe 9 ya mwezi wa tatu, Ulaya ikasonga tarehe 30. Kwa juma tatu, tofauti ya kawaida kati ya Bruxelles na Montréal, yenye ni masaa 6, ilikuwa 5.

Familia yenye watu Bukavu, Bruxelles na Montréal, na yenye kuongea kila yenga 11h00 za Montréal, ilipitia hivi: mpaka mwanzo wa mwezi wa tatu, Bukavu 18h00, Bruxelles 17h00. Kutoka tarehe 9, Bukavu 17h00, Bruxelles 16h00. Kutoka tarehe 30, Bukavu 17h00, Bruxelles 17h00. Kisha, kutoka tarehe 26 ya mwezi wa kumi, Bruxelles ikarudi kwa 16h00, na tarehe 2 ya mwezi wa kumi na moja kila mmoja akarudia saa yake ya mwanzo. Kama wangeshika saa ya Bukavu yenye haisongi, wa Bukavu asingebadilisha kitu. Wa Bruxelles na wa Montréal ndio wangebadilisha.

Wenye hawasongi, na wenye kusonga kinyume

Si Marekani yote inasonga. Phoenix, mji mkubwa wa Arizona, inabakia vilevile: toa 9 mwaka mzima. Kanada, mkoa wa Saskatchewan, wenye miji ya Regina na Saskatoon, karibu wote haubadilishi: toa 8 mwaka mzima. Kwa hiyo kusema "ndugu yangu yuko Marekani" hakutoshi. Inaomba kujua mji.

Australia iko mbele ya Kongo, na majira yake yamepinduka. Sydney na Melbourne wanasonga mbele yenga ya kwanza ya mwezi wa kumi, wanarudi yenga ya kwanza ya mwezi wa ine. Kwa saa ya Goma, ongeza 9 kutoka mwezi wa kumi mpaka mwanzo wa mwezi wa ine, na ongeza 8 miezi ingine. Brisbane haisongi: ongeza 8 sikuzote. Mwenye kupiga simu Melbourne saa 20h00 za Goma mwezi wa kwanza, anamwamsha mtu saa 5h00 za asubuhi ya kesho yake. Simu ya alfajiri inamtia mtu moyo juu. Kabla ya kuitika anawaza kwamba kuna kilio nyumbani.

"Saa nane" ni ya nani?

Kuna mtego mwingine wenye hautoki ng'ambo. Mashariki mwa Kongo watu wanahesabu namna mbili. Mwenye kufuata Kiswahili, saa nane za mchana ni 14h00. Mwenye kufuata Kifaransa, saa nane ni 8h00. Mesaji yenye kusema tu "tuongee saa nane" inaweza kusomwa namna mbili, na kama mwandishi yuko Marekani, inaweza kusomwa namna tatu. Kwa randevu ya maana, namba za 14h00 ao 8h00 ni salama zaidi.

Lakini Kiswahili kinasaidia pia. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya Kifaransa kwa masaa 6, na New York nayo, wakati wa majira ya joto, iko nyuma ya Goma kwa masaa 6. Maana yake, kutoka yenga ya pili ya mwezi wa tatu mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, namba ya Kiswahili ya Goma ndiyo namba ya New York na Montréal. Goma saa tisa za mchana, kule ni 9 asubuhi. Goma saa tatu za usiku, kule ni 3 mchana. Wakati wa baridi, toa moja: Goma saa tisa, kule ni 8.

Fomu, viza na bursi

Fomu za kwenye internete zinaomba mtu achague mji wa saa yake. Goma ao Bukavu mara nyingi haimo, na watu wanachagua Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu. Hapo fomu inaonyesha 14h00 kwa randevu yenye, kwa saa ya Goma, ni 15h00. Mtu anaingia saa moja mapema, haoni mtu, mega zinakwisha, anatoka akizani wamemdanganya. Mwenye kukaa mashariki achague Lubumbashi. Kama haimo, Kigali ao Bujumbura zina saa ileile.

Telefone nayo inaweza kupotosha. Karibu na mpaka wa Uganda, kama Kasindi ao Mahagi, ikishika mtandao wa upande wa pili, saa yake inaweza kuruka mbele.

Kuhusu mwisho wa kutuma dosie, tarehe inaweza kugeuka. Bursi yenye kufungwa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza saa 23h59 za New York, Goma itakuwa 6h59 asubuhi ya tarehe 16. Mtu anapata usiku mmoja zaidi. Kinyume chake, yenye kufungwa 17h00 za Sydney tarehe 10 ya mwezi wa pili, Goma inafungwa 8h00 asubuhi ya siku hiyohiyo. Mwenye kungoja mchana ili apate koneksio nzuri amekwisha kukosa.

Mambo ya kuandika kwenye karatasi

Akipewa randevu, mtu aandike mambo matatu: mji, tarehe, na saa ya mji ule. Kisha atafute kama mji ule unasongesha saa, na kama tarehe ile iko kabla ao nyuma ya yenga ya mabadiliko. Kama inawezekana, aombe ofisi iandike saa ya TU. Hapo anaongeza 2 na hesabu imekwisha.

Siku moja kabla, mesaji fupi kwa mtu mwenye kukaa kule inasaidia: "Kwenu sasa ni saa ngapi?" Jibu linaonyesha tofauti ya siku ile. Lakini kama ulizo liliulizwa siku ya posho, na saa inasongeshwa usiku wa kuamkia yenga, inafaa kuuliza tena asubuhi.