Jani la Muhogo na Hesabu za Wasomi

Muhogo wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia hudanganya. Shina limesimama vizuri, majani si mabaya kwa mtu mwenye haraka, na mkulima ameshaanza kuhesabu magunia kichwani. Kisu kikishapita kwenye muhogo wenyewe ndipo yanapotokea mabaka ya kahawia, makavu na magumu, yasiyopikika wala kuuzika. Akikata pingili za shamba hilo na kumpelekea ndugu yake Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, amempelekea na ugonjwa. Mwaka 2018 jarida la Plant Disease lilichapisha taarifa ya kwanza ya virusi vya ugonjwa huo nchini Zambia.

Mtanzania aliyevifuatilia virusi vya muhogo kwa miaka mingi ni Profesa Joseph Ndunguru. Alifanya utafiti Mikocheni, Dar es Salaam, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ambayo ndiyo yenye jukumu la kukagua mazao mipakani.

Makala yake ya mwaka 2005 katika Virology Journal, aliyoandika na wenzake, ilichunguza vinasaba vya virusi vya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, kutoka mashamba ya Tanzania. Muhogo ni mgeni, uliletwa kutoka Amerika; virusi vya batobato ni wenyeji wa Afrika. Walichoonyesha watafiti hao ni kwamba Afrika Mashariki ni moja ya maskani ya aina nyingi za virusi hivyo. Tangu hapo, anayeandika juu ya asili ya batobato ana sababu ya kuitaja makala hiyo, na kila akiitaja, mwandishi wake ameongezewa hesabu moja.

Hesabu hizo zina vipimo vyake. Kinachotajwa sana ni kipimo cha h, kilichobuniwa mwaka huohuo wa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Marekani. Tuseme mtafiti ana makala tano, zilizonukuliwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Makala nne zimefikisha walau mara nne, basi h yake ni 4. Ile iliyonukuliwa mara 40 haimpi zaidi. Vyuo vikuu vingi hutazama namba hii vinapopandisha watu vyeo.

Namba ina faida yake, lakini kilicho na thamani zaidi ni mnyororo wenyewe wa kunukuana, kama wapokezi wa hadithi wanavyotajana, huyu kapokea kwa yule. Batobato ilielezwa kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, kutoka Usambara. Michirizi ilielezwa na Storey mwaka 1936, akiwa Amani, milima hiyohiyo ya Tanga. Watafiti wanawanukuu hadi leo. Mwaka 2015 Ndunguru, Fred Tairo na wenzao walichapisha jenomu kamili 12 za virusi vya michirizi katika PLoS ONE. Mwaka uliofuata, utafiti ulioongozwa na Titus Alicai wa Uganda, Ndunguru akiwemo, ulionyesha kwamba jenomu ya aina moja ya virusi hivyo inabadilika haraka. Hilo lina maana kubwa kwa wanaozalisha mbegu zinazostahimili ugonjwa.

Kisha kuna faida ambayo kipimo cha h hakiioni. Ndunguru, Laura Boykin na wenzao walipeleka hadi shambani mashine ya kusoma vinasaba inayoenea kiganjani. Katika mashamba matatu, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya, walichuma sampuli na kupata majibu ya awali kwa muda usiozidi saa tatu, bila maabara. Taarifa yao ilitoka mwaka 2019 katika jarida la Genes na wasomi wanainukuu. Lakini mkulima anayeng'oa muhogo mgonjwa kwa sababu ya majibu kama hayo hamwandikii mtu rejeo, na hakuna orodha inayomhesabu. Angestahili kuhesabiwa.

Makala za 2005 na 2015 zinasomwa bure mtandaoni. Mwanafunzi wa Vwawa au Tunduma mwenye simu na kifurushi kidogo anaweza kuzifungua leo.