Utangulizi: Fedha za Umma na Makuzi ya Mtoto

Majedwali ya bajeti huwatisha wengi wanaotaka kuujua uwanja huu, lakini hufunguka mara moja ukishajua swali la kuyauliza: fedha hii imemfikia mtoto gani, na imemfanyia nini?

Tuanze na shilingi 1,000. Halmashauri za Tanzania Bara zinatakiwa kutenga kiasi hicho kila mwaka, kutoka mapato ya ndani, kwa lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kiasi ni kidogo, ila diwani yeyote anaweza kukifuatilia bila kusomea uhasibu. Tuseme halmashauri yake ina watoto 40,000: hizo ni milioni 40. Afungue kitabu cha bajeti aone zilizotengwa, kisha amuulize mweka hazina zilizotolewa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kazi yetu kubwa, kwa kuwa ushuru ukikusanywa pungufu, fungu la watoto ni rahisi kusogezwa hadi robo ijayo.

Makuzi ya akili ni magumu zaidi kuyafuatilia. Fikiria mama mwenye mtoto wa miaka mitatu asiyetamka neno. Kliniki watampima uzito, watakagua chanjo, watajaza kadi. Mama huyo anahitaji pia mhudumu aliyefunzwa, wa kumtazama mtoto akicheza na kumsikiliza yeye bila kumharakisha. Mhudumu huyo ni mshahara na mafunzo, matumizi ambayo hakuna kiongozi anayekuja kuyakatia utepe. Kwa imani yangu, hapo ndipo tunapowapunja watoto wetu kuliko kwenye majengo.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, iliweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama, hadi umri wa miaka minane. Ni hatua ninayoiheshimu sana. Ila mtoto ni mmoja na mafungu ni mengi: afya, elimu, maendeleo ya jamii, TAMISEMI. Kila upande unaweza kutimiza wajibu wake, na mtoto yule asiyesema akabaki hana wa kumshughulikia.

Kwa hiyo sura ya kwanza inaanzia halmashauri, wizara zinafuata baadaye. Kama unaweza kupata kitabu cha bajeti cha halmashauri yako, soma ukiwa nacho mkononi.