Kigeuzi Sauti na Kaseti za Mafunzo: Namna ya Kutumia Vichujio

Katika makala haya tunakusudia kueleza matumizi ya kigeuzi sauti, yaani kisanduku kidogo kinachopokea sauti kutoka redio kaseti na kuigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta huweza kuzihifadhi, kisha kuzirudisha kuwa sauti pindi zinapohitajiwa. Watu wa sehemu zetu wamejifunza mengi kwa sikio, tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hadi vipindi vya Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995. Lakini kaseti huchakaa, na mwalimu wa Biharamulo aliye na kaseti moja tu ya matamshi hapana budi aihamishe kabla utepe haujakatika.

Kazi huanza na kitufe cha kuzungusha kinachoongoza sauti inayoingia. Chezesha sehemu ya kaseti yenye sauti kubwa kuliko zote, huku ukitazama kipimo. Vilele vya sauti vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, wala visizidi hapo. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imekatwa kichwa, na hakuna kichujio kitakachoirudisha. Sauti ikiwa ndogo kidogo hakuna hasara kubwa, maana yaweza kuongezwa baadaye.

Pili, chagua idadi ya vipimo kwa sekunde. Kigeuzi hupima sauti mara nyingi mno, na kanuni yake ni kwamba huweza kuhifadhi mitetemo isiyofikia nusu ya idadi hiyo. Kikipima mara 44,100, mitetemo yote ambayo sikio la binadamu husikia, takriban 20,000 kwa sekunde, imo. Kikipima mara 8,000 tu, kila kitu kilicho juu ya 4,000 kimepotea. Chagua 44,100, hata kama faili litakuwa kubwa.

Sasa tuje kwenye vichujio. Kichujio cha sauti nzito, ambacho mara nyingi huonyeshwa kwa alama ya mstari unaopanda kutoka kushoto, huondoa mitetemo iliyo chini ya 80 hivi. Hiki hakina madhara. Mvumo wa umeme wetu una mitetemo 50 kwa sekunde, ilhali sauti ya mwanamume mzima aghalabu huanzia juu ya 80. Basi mvumo hupungua na msemaji hubaki.

Kichujio cha sauti nyembamba ndicho chenye hatari, nacho ndicho kinachomvutia mwalimu mgeni. Kila kaseti ina mlio wa "shii" nyuma ya maneno. Ukizungusha kichujio hadi 3,000, mlio huo hutoweka, na darasa lote husifu jinsi kaseti ilivyotulia. Lakini sauti ya s ina nguvu yake kubwa juu ya mitetemo 4,000, na zile za th na f, zilizo dhaifu, nazo hutambulikana kwa sehemu hizo hizo za juu. Simu za zamani zilipitisha mitetemo 300 hadi 3,400 tu. Ndiyo sababu mtu alipotaja jina lake kwa simu ilimpasa kueleza kwamba ni S ya Singida, si F.

Fikiri basi hali ya mtoto wa darasa la kwanza anayesema Kihaya au Kihangaza nyumbani. Lugha yake haina th wala dh. Huyu anahitaji kusikia waziwazi kwamba samani si thamani, na zana si dhana. Mtu mzima ajuaye Kiswahili hujaziliza kwa akili yake kile ambacho sikio limekosa, kwa hiyo mwalimu hatatambua kasoro yoyote. Mtoto hana cha kujaziliza. Ataandika alichosikia, naye atasahihishwa kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo yafaa kuhamisha kaseti bila kichujio cha sauti nyembamba kabisa, na kuhifadhi faili hilo kama lilivyo. Kisha fanya nakala, na uchuje nakala. Anza na 10,000, ushuke pole pole; ukifika 7,000 mlio ungali unakera, uache ukere.

Vigeuzi vingine vina pia vichujio vya wakati wa kuchezesha, kimoja kikikata ghafula na kingine taratibu. Tofauti yake iko karibu na mwisho wa usikivu wa binadamu. Kwa spika ya darasani haisikiki, nasi twashauri kiachwe kilivyotoka kiwandani.

Mwisho, usipime nakala yako kwa hedifoni peke yake. Iweke spika mbele ya darasa, ukae dawati la nyuma, na umwombe mwenzako achezeshe maneno kumi ya jozi tulizotaja bila utaratibu maalumu. Waandike wanafunzi wawili wa nyuma pamoja nawe. Wakikosa neno ambalo katika faili la kwanza walilipata, pandisha kichujio na urudie.