Injini ya Rotari: Kutoka Sydney hadi Rufiji

Rotari ni injini ya ndege ambayo kiwiliwili chake chote huzunguka. Katika injini ya kawaida silinda zimetulia, na krenkshafti ndiyo inayozungushwa na pistoni. Katika rotari mambo yamegeuzwa: krenkshafti imekazwa kwenye fremu ya ndege, na silinda zilizopangwa kwa duara huizunguka pamoja na rafadha.

Mmoja wa waanzilishi wake ni Lawrence Hargrave, Mwingereza aliyefika Sydney mwaka 1865 akiwa kijana, na baadaye akaajiriwa katika kituo cha kutazamia nyota cha mji huo. Mwaka 1889 aliunda rotari ndogo ya silinda 3, iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa ajili ya ndege za mfano. Matokeo ya kazi yake aliyasoma mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya New South Wales, wala hakuyakatia hataza, kwa kuamini kuwa elimu ya kuruka ni ya watu wote. Ukarimu huo unastahili kukumbukwa kuliko hata tiara zake za sanduku, zilizomwinua kutoka ardhini huko Stanwell Park, kusini mwa Sydney, Novemba 12, 1894.

Rotari ya petroli ilistawi Ufaransa, ambako ndugu wa ukoo wa Seguin walitoa Gnome ya silinda 7 na nguvu farasi 50. Silinda zikizunguka hupigwa na upepo na kupoa zenyewe. Maji na rejeta havihitajiki, na injini huwa nyepesi. Idadi ya silinda ni witiri, kwa kawaida 5, 7 au 9, ili moto uwake kwa kuruka silinda moja moja bila kuacha pengo. Kilainishi kilikuwa mafuta ya mbarika, kwa kuwa hayayeyuki kwa urahisi ndani ya petroli. Mengi yalitoka na moshi na kumrukia rubani usoni. Tena uzito ule unaozunguka uliifanya ndege igeuke upesi upande mmoja na kwa shida upande wa pili.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo iliziona. Mapema mwaka 1915 Waingereza walileta kisiwani Nyororo, karibu na Mafia, ndege mbili za Sopwith zenye Gnome za nguvu farasi 100, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Hewa ya joto ni nyepesi, nayo huzipunguzia injini na mabawa nguvu. Ndege hizo hazikufaa.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza rotari ziliachwa, kwani kadiri kasi ilivyozidi ndivyo silinda zilivyopoteza nguvu zikipambana na hewa. Jina likahamia kwa injini ya Mjerumani Felix Wankel, iliyojaribiwa mwaka 1957 na kuingia kwenye gari la Mazda Cosmo mwaka 1967. Hiyo haina pistoni: kasha limetulia, na ndani yake huzunguka rota yenye pembe tatu.