Mashine Inapotekenya, Ikague Soketi

Jioni moja ya mvua mjini Kamembe, katika ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, koplo kijana alikuwa akiandika taarifa ya zamu yake. Mara akaiondoa mikono juu ya kompyuta mpakato na kuitazama kama mtu aliyeumwa na siafu. "Afande," akasema, "mashine hii inatekenya." Wenzake wakacheka. Mmoja wao, aliyekuwa amevaa buti zake kamili, akaja akaigusa kwa kiganja chote, akatangaza kwamba haina lolote. Koplo alikuwa amezivua buti zake zilizolowa, na nyayo zake zilikuwa juu ya sakafu ya saruji. Wote wawili walisema kweli.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo, naye alicheka pamoja nao. Leo anakiri kwamba kicheko kile hakikuwa cha busara. Mlinzi anapotoa taarifa kwamba amesikia nyendo gizani, mkuu wake hamcheki, bali humwuliza: wapi, saa ngapi, na umesikia nini? Mtekenyo wa kompyuta iliyounganishwa na chaja nao ni taarifa. Yafaa ipokelewe bila dharau na bila hofu.

Umeme hupitia wapi?

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, si mgeni wa umeme. Mto Ruzizi, utokao Ziwa Kivu na kushuka hadi Ziwa Tanganyika, umezungusha mitambo tangu siku za ukoloni. Na kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, hutumiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo. Umeme ufikao katika soketi zetu una volti 230, nao hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Kompyuta haiuwezi umeme huo. Yenyewe huhitaji volti 20 hivi, za mkondo wa upande mmoja. Kazi ya kuupunguza na kuunyoosha ni ya chaja.

Ndani ya chaja kuna pande mbili, upande wa soketi na upande wa kompyuta, nazo zimetenganishwa kama ng'ambo mbili za mto. Hata hivyo, chaja hufanya kazi yake kwa kuukata na kuuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na jambo hilo huzaa makelele yanayoingilia redio na vyombo vingine. Ili kuyatuliza, watengenezaji huweka kapasita ndogo kati ya pande hizo mbili. Kapasita hiyo huuzuia mkondo mkubwa, lakini huacha tone dogo la umeme livuke.

Chaja ikiwa na waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, tone hilo hushuka udongoni pasipo mtu kujua. Isipokuwa nao, tone hukaa katika bati la kompyuta likingoja njia. Mtu aliye pekupeku juu ya saruji yenye unyevu ni njia nzuri. Mwenye buti kavu za mpira si njia nzuri. Ndiyo sababu koplo alitekenywa, na mwenzake hakusikia kitu.

Volti nyingi, mkondo mdogo

Fundi akipima kati ya bati hilo na ardhi, aweza kusoma volti mia moja hivi, yaani karibu nusu ya zile 230. Namba hiyo huwatisha wengi. Lakini hebu tufikirie ukuta wa bwawa. Unyevu unaopenya katika saruji umesukumwa na maji yote yaliyo nyuma ya ukuta, na bado hauwezi kuzungusha hata gurudumu la mtoto. Kinachoudhuru mwili ni wingi wa mkondo unaopita ndani yake.

Kapasita moja ya kiasi kitumiwacho mara nyingi, nanofaradi 2.2, haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 0.16 hivi kwa umeme wetu. Mtu ashikaye chuma kwa mkono mzima huanza kuhisi umeme kwenye nusu miliampea, ingawa ncha ya kidole au kifundo cha mkono kinachogusa ukingo kwa wepesi huhisi hata pungufu ya hapo. Kwenye miliampea 10 hivi misuli hukaza, na mtu aweza kushindwa kuachia alichokishika. Mkondo ukizidi miliampea 30 na kudumu, moyo na pumzi vimo hatarini. Kwa ajili hiyo, swichi za kinga dhidi ya uvujaji zinazolinda watu hutengenezwa zikate umeme ufikapo miliampea 30.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1953, Mmarekani Edward Mallinckrodt na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi kidole kinachoteleza juu ya chuma chenye umeme kinavyohisi mkwaruzo, nao hupotea umeme unapozimwa. Ngozi huvutwa na kuachiliwa, huvutwa na kuachiliwa, hata bati laini likaonekana kama limepakwa utomvu.

Swali la fundi

Kesho yake aliitwa fundi umeme. Alianza na chaja. Ilikuwa na plagi ya pini tatu bapa, za aina itumikayo Uganda, Kenya na Tanzania, ambako wengi wetu hupita kwa kozi na kwa safari. Soketi ya ukutani ilikuwa ya matundu ya mviringo. Kati yake iliwekwa adapta ndogo ya sokoni, iliyopokea pini tatu na kutoa mbili. Ethi ya chaja ilikomea ndani ya adapta hiyo.

Wengi wangeridhika hapo na kurudi kazini. Fundi hakuridhika. Aliuliza: "Ni kitu gani kingine huchomekwa hapa?" Akaoneshwa birika la chuma, ambalo kila zamu hulitumia kuchemshia chai.

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Chaja nyingi zimejengwa kwa kinga maradufu, na alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Chaja ya namna hiyo yaweza kufanya kazi bila ethi, na madhara yake yasizidi mtekenyo. Birika la chuma, jokofu na pasi nyingi za bati hazina kinga hiyo ya pili. Uhai wa mtumiaji umewekwa mikononi mwa waya mmoja wa ethi. Waya wa moto ukilegea ndani ya birika na kuligusa bati, ethi huupokea mkondo mkubwa, na swichi ya usalama huanguka papo hapo. Pasipo ethi, swichi haianguki. Birika husimama mezani kimya, na volti zake 230, likimngoja mtu wa kuligusa.

Fundi akaifungua soketi iliyotumiwa na birika, ambayo ilikuwa na pini yake ya ethi kama itakiwavyo. Waya wa ethi ulikuwamo. Akaufuata hadi nje ya jengo, akakuta umekatika, haukufika kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Birika lile lilikuwa zima, wala halijamdhuru mtu. Lakini zamu baada ya zamu, watu walikuwa wamechemsha chai yao kwa bahati.

Mambo ya kufanya

Kwanza, ukihisi mtekenyo, chomoa chaja. Ukikoma mara moja, chanzo ni chaja au soketi yake. Toa taarifa kwa maandishi, ukitaja chumba na soketi.

Pili, pambanua mtekenyo na pigo. Ukirushwa mkono, ukihisi maumivu, ukiona cheche, au ukitekenywa na jokofu, bomba la maji au ukuta, hilo si tone la kapasita. Zima umeme kwenye meni swichi, zuia watu, na uitwe fundi. Usirudie kugusa ili kuhakikisha.

Tatu, tumia waya au adapta inayopitisha ethi. Chaja nyingine huwa na kichwa cha pini mbili na waya mrefu wa pini tatu. Huo mrefu ndio ufaao, mradi soketi yenyewe iwe na ethi ya kweli.

Nne, epuka chaja za kuiga. Kapasita halisi ya kazi hii imetengenezwa ili ikiharibika, ikate njia. Ya bandia yaweza kuharibika kwa kuifungua njia, na umeme wote wa soketi ukaingia katika bati.

Tano, usijitengenezee ethi kwa kuunganisha pini yake na waya wa nyutro. Siku nyutro itakapokatika, kila bati litakuwa na umeme. Jenereta la kambini nalo lifungiwe ethi na fundi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Sita, ukimkuta mwenzako amenaswa, kata umeme kabla ya kumgusa. Ushujaa usiotanguliwa na swichi huongeza majeruhi.

Kuna neno moja kuhusu mvua zetu. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, ng'ambo ya Kongo karibu na Bukavu, kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote Afrika: zaidi ya mimweko 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Hapa nchini, mwezi Machi 2018, radi iliua watu 16 kanisani wilayani Nyaruguru. Ethi ya soketi haikuwekwa kupambana na radi. Ngurumo zikikaribia, chomoa chaja, na taarifa iandikwe kwa betri.

Ethi ya jengo lile ilitengenezwa siku hiyo hiyo: waya mpya, kibano kipya, na kipimo cha kuthibitisha. Adapta ya pini mbili ilitupwa. Jioni, koplo alivua tena buti zake, akaweka mikono juu ya kompyuta na kungoja kidogo. "Imenyamaza, afande," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka. Aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi alilitazama birika, kisha akautazama ukuta.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa umeme hauonekani kwa macho, na mara chache hutangulia kubisha hodi. Pale Kamembe ulibisha kwenye kifundo cha mkono wa koplo. Msomaji, ukibishiwa nawe, itika.