Kaske ya pikipiki: tazama ndani kabla ya kulipa

Hapa Uvira, kuanzia bandari ya Kalundu hadi mpaka wa Kavimvira, pikipiki ndiyo gari la kila mtu. Wamotari hupenya kati ya malori ya simenti na ya mafuta kwenye Barabara ya Taifa namba 5, wamepakia abiria mmoja au wawili, na mzigo juu ya mapaja. Wapo wanaovaa kaske, yaani kofia ngumu ya pikipiki, na wengi wao waliinunua kwa kuangalia rangi na bei. Rangi haiokoi kichwa.

Utasikia watu wakisema kaske ni ya safari ndefu, ya kwenda Baraka au Bukavu, na kwamba kutoka bandarini hadi sokoni hakuna haja. Hesabu inakataa. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki kiko karibu mita moja na nusu kutoka chini. Kikidondoka kutoka hapo, hata pikipiki ikiwa imesimama, kinafika kwenye lami kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Mpanda farasi anavaa kofia ngumu kwa sababu hiyohiyo, ingawa farasi wake anatembea taratibu. Lakini kofia yake ilipimwa kwa maanguko ya farasi, na ile ya fundi wa ujenzi ilitengenezwa kwa ajili ya jiwe au chuma kinachoanguka juu ya utosi. Anayepanda pikipiki na kofia ya ujenzi amejifunika tu, hajajikinga.

Ukiingia dukani, geuza kaske uangalie tumboni mwake. Vuta kidogo kitambaa cha ndani, kile chenye sifongo laini. Nyuma yake pawe na povu jeupe au jeusi, gumu, la aina ile inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya katoni, lenye unene wa kama sentimita mbili na nusu au zaidi. Libonyeze kwa kidole gumba. Likibonyea na kurudi kama godoro, rudisha kaske kwa mwenye duka. Povu la kweli halichezi kwa kidole, linasagika tu kichwa kinapogonga kwa nguvu, na katika kusagika huko ndipo linapomeza nguvu ya pigo ambayo vinginevyo ingeingia kwenye ubongo. Ganda la nje linasambaza pigo na kuzuia changarawe isitoboe. Kazi kubwa inafanywa na povu.

Kwa kuwa povu likishasagika halirudi, kaske iliyoanguka na kichwa cha mtu imemaliza kazi yake, hata kama nje haina mchubuko. Kwa hiyo mimi sishauri kununua kaske iliyokwisha kutumiwa na mtu usiyemjua, hata iwe nzuri vipi. Na jihadhari na petroli. Chovya kipande cha povu la katoni kwenye petroli uone kinavyoyeyuka mbele ya macho yako. Wanaosafisha kaske kwa petroli, au kuipiga rangi upya kwa dawa kali, wanaweza kuharibu povu na ganda bila kujua. Maji na sabuni vinatosha. Usiizoeze pia kukaa juu ya kioo cha pikipiki, maana ncha ya kioo inachimba povu polepole.

Kuhusu alama, tafuta kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda chenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali. E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E3 ni Italia. Alama hiyo inatokana na kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, na toleo lake la 06 lilianza Januari 2021. Kwenye kitambaa hichohicho, herufi P inaonyesha kwamba sehemu ya kidevu nayo inakinga. J ni kaske iliyo wazi usoni. NP ina kidevu kisichokinga, na hiyo inadanganya macho kuliko zote. Stika peke yake inaweza kughushiwa na yeyote, basi alama isikuzuie kupima povu.

Ukubwa ni jambo linalopuuzwa mno. Kaske nzuri inabana mashavu, na ukiizungusha ngozi ya paji la uso inafuata. Funga mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, kisha mwombe mwenzio aishike kwa nyuma aisukume kuelekea mbele. Ikitoka kichwani, haikufai. Dada mwenye misuko aijaribu akiwa na misuko hiyohiyo. Na kaske isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Ushahidi haujaanza leo. Daktari Hugh Cairns alimhudumia mwanajeshi na mwandishi T. E. Lawrence, aliyekufa Mei 1935 baada ya ajali ya pikipiki huko Uingereza, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi wake juu ya vichwa vya wapanda pikipiki na umuhimu wa kofia. Mapitio ya tafiti 61 yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Asilimia hizo ni za abiria pia, na hapo ndipo Uvira tumelala. Kwa jirani zetu wa Rwanda, abiria hapandi bila kaske. Kwetu mama anakaa nyuma na mtoto mgongoni, kichwa wazi, na hakuna anayeuliza. Ndugu motari, nunua kaske mbili, ya pili uiweke kitambaa cha pamba kinachobadilishwa kwa kila mteja. Na wewe abiria, kabla ya kupatana bei, uliza kaske yako iko wapi. Kama motari hana, ngoja anayefuata.